Nilimwambia Afisa Kwamba Ukoo Wetu Hauna Mgonjwa

Bwana asifiwe. Na ninyi wenzetu mliotoka Tunduma asubuhi hii, asalaam aleikum. Mimi ni mkulima wa kahawa, kwetu ni Iyula, na wengi mmezoea kuniona nimekaa benchi la nyuma nimejifunga kanga kama mtu mwenye homa. Mwaka mzima katika kikundi hiki cha ndugu wa wagonjwa wa akili nimesikiliza tu. Leo muuguzi wetu ameniambia, mama, wenzako wamekupa ya kwao, wewe unakula tu. Haya, nimesimama. Sitataja jina la mtu. Mkimtambua yeyote, mtambueni moyoni, msiende kumsema sokoni Mlowo.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Mama yetu alifariki yeye akiwa hajaanza shule, kwa hiyo nimemlea mimi. Alipokua alikwenda Tunduma kupakia mizigo kwenye malori yanayovuka Zambia. Alikuwa kijana mcheshi. Akija nyumbani, watoto walimpokea mbali barabarani.

Siku moja akarudi bila kuaga kazini. Usiku alikuwa hapati usingizi. Akaifunika redio blanketi, anasema baba mdogo anamsema humo ndani. Huyu baba mdogo ni mdogo wake baba yetu, jirani yetu, mtu mpole aliyetusomesha baba alipotutoka. Mdogo wangu akakataa chakula kilichopikwa, akawa anakula mahindi mabichi shambani, maana hayo hakuna aliyeyashika. Ndugu zangu, mliokaa na mgonjwa mnajua ninachosema. Wengine mnatikisa kichwa hapo.

Sisi tukasema amerogwa. Tukamteremsha Msangano kwa mganga. Alifungwa mnyororo mguuni mwezi mzima, akanyweshwa madawa. Aliporudi alikuwa kimya, amekonda, tukasema amepona. Majirani tuliwaambia alikuwa Zambia anatafuta kazi. Mimi ndiye niliyetunga huo uongo, na niliutunga vizuri, nikaweka mpaka jina la mji.

Mwaka uliofuata yakaanza tena. Safari hii baba mdogo mwenyewe akaniita uani kwake. Akasema, "Mwanangu, huyu kijana hajarogwa, anaumwa. Tumpeleke hospitali ya mkoa, mimi nitakwenda naye." Mkewe alikuwa amekaa pale anachambua maharage, akasikia yote. Nikamjibu, "Baba mdogo, hapana. Manesi wa pale wanatoka vijiji vyetu. Habari itafika hapa kabla hatujashuka kwenye gari."

Niwaambie kwa nini nilikataa. Binti yangu alikuwa amepata mchumba. Nanyi mnajua kwetu kabla ya posa watu wanatumwa kuuchunguza ukoo. Mshenga anakuja, anakaa, anakunywa chai, anauliza kama anauliza habari za mvua. Kuna kifafa? Kuna mwizi? Kuna mwenye wazimu, hata mababu? Nasi tunafundishwa toka tukiwa wadogo namna ya kujibu. Unacheka kidogo, unasema, "Ukoo wetu ni safi, ulizeni popote." Babu yetu alikufa amefungwa kamba kwenye nguzo ya ghala. Mshenga hakuambiwa hilo.

Basi baba mdogo akaniheshimu. Alisema, "Wewe ndiye uliyemlea." Hakurudia tena.

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Asubuhi tulikuwa tunakoboa kahawa mbivu kwa ile mashine ya mkono. Baba mdogo alikuja kutusaidia kuzungusha. Mdogo wangu alitokea nyuma ya nyumba na jembe. Sitaeleza zaidi, kuna watoto hapa. Alipomaliza aliweka jembe chini, akanawa mikono, akaniomba chai. Akasema, "Dada, sasa tutalala." Nilimpa chai. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa.

Utulivu ule ndio uliomponza. Kijiji kizima kilisema, mwenye wazimu gani huyo, ananawa mikono, anakunywa chai, polisi wanakuja anapanda gari mwenyewe? Huyu ni muuaji, alitaka shamba. Na kosa lenyewe mnalijua, ukipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa.

Mahakamani alipewa wakili, binti mdogo lakini mkali. Alipozungumza naye mahabusu akaona mambo hayaendi sawa, akaomba mteja wake apimwe akili. Jaji akaamuru apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali huko, safari ya basi ya kutwa. Mimi nilidhani watampima kwa mashine, kama vile wanavyopima malaria, jibu litoke kwenye karatasi. Kumbe sivyo. Wanamwangalia wiki nyingi, anavyokula, anavyolala, anavyojibu. Halafu wanawauliza ninyi mliokaa naye.

Ndipo akaja afisa wa ustawi wa jamii, amebeba fomu. Nilimkaribisha, nikampa chai. Akauliza: "Mama, aliwahi kuugua akili kabla ya tukio? Aliwahi kutibiwa popote? Katika ukoo kuna mwingine?" Ndugu zangu, yalikuwa maswali yale yale ya mshenga. Mshenga alikuwa ametoka kwangu wiki iliyotangulia, alikaa kwenye kiti kile kile; habari za mauaji walishazisikia, wakaziita ugomvi wa shamba, wao walichoogopa ni wazimu wa kurithi. Nami nikajibu vile vile. Nikacheka kidogo. Nikasema, "Ukoo wetu ni safi, ulizeni popote."

Akaandika. Nikaweka sahihi, nikamsindikiza mpaka barabarani na ndizi.

Mnanitazama. Hata mimi najitazama. Nawaambia ukweli, saa ile sikumfikiria mdogo wangu kabisa. Nilimfikiria binti yangu na sare za siku ya posa ambazo zilikuwa kwa fundi.

Baada ya muda daktari akapiga simu, akasema anaomba nifike. Nikapanda basi. Daktari mwenyewe ni mtu wa makamo, anaongea taratibu, hana hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alinisomea maneno yangu mwenyewe kutoka kwenye ile fomu. Kisha akasema, "Mdogo wako anasema alifungwa mnyororo Msangano. Wewe unasema hajawahi kuugua. Ana kovu mguuni, lakini kovu linaweza kuwa la kitu chochote."

Nikasema, "Daktari, andika tu kwamba ni kichaa, yaishe."

"Siandiki ili yaishe. Mahakama imeniuliza mambo mawili. Anaweza kusimama kizimbani akaelewa kinachosemwa? Na siku ile, alijua anachokifanya, na kwamba ni kibaya? La kwanza naliona mwenyewe. La pili mimi sikuwepo, mama. Mlikuwepo ninyi."

"Na usipojua?"

"Nitaandika kwamba sikupata ushahidi wa ugonjwa kabla ya tukio. Wako wanaojifanya wagonjwa ili wakwepe kamba, na wakili wa serikali ana haki ya kusema huyu ni mmoja wao."

Nikaomba nimwone. Wakamleta, amenyolewa, amenenepa kidogo, ananiamkia vizuri kama zamani. Dawa zilikuwa zimeanza kumtuliza. Tukakaa. Akaniuliza habari za kahawa. Kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Dada, walinisomea ulichosema. Kwamba sikuwahi kuumwa. Nikafikiri, dada hawezi kunidanganya. Basi labda zile sauti nilizitunga. Labda nilimuua baba mdogo kwa roho yangu mbaya tu."

Ndugu zangu, nilimlea yule mtoto. Nilimtafunia chakula. Alikuwa anakwenda kufa akiamini uongo wangu kuliko ugonjwa wake mwenyewe. Nililia mpaka mlinzi akaingia.

Nikarudi kwa daktari, nikatapika yote. Redio, mahindi mabichi, Msangano, mnyororo, babu na nguzo ya ghala. Nikamwambia na la baba mdogo kutaka kumpeleka hospitali, na mimi kukataa. Aliandika kurasa na kurasa. Mwishoni akavua miwani, akasema, "Asante. Lakini sasa una maneno mawili yanayopingana, na wewe ni dada. Watasema umebadilika ili umwokoe. Kuna mtu mwingine aliyeona, asiye na sababu ya kumtetea?"

Nilijua yupo. Mke wa baba mdogo. Mjane. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu mazishi.

Wazee wa ukoo waliposikia afisa anarudi, walikaa kikao, wakakataza mtu kufungua mdomo. Walisema aliyekufa amekufa, aliyeua aende, mabinti zetu waolewe. Msiwalaumu sana, mimi mwenyewe niliwatangulia. Nilikwenda kwa mama mdogo mchana kweupe, nikapiga magoti mlangoni. Hakuniambia karibu, hakuniambia ondoka. Nikamweleza shida iliyonileta. Akanisikiliza akiwa anapepeta mchele.

Akasema, "Unataka nimtetee aliyeniulia mume?"

Nikasema, "Nataka useme ulichokiona tu, mama."

"Niliona. Nilisikia mume wangu akikuomba, hapa hapa uani. Nilikusikia ukikataa." Akaweka ungo chini. "Yule mtoto ningemsamehe hata leo. Wewe ndiye sijui nikufanyeje."

Nilibaki nimepiga magoti. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Kwetu kifo hakikumchukua mgonjwa, kilimchukua yule aliyetaka atibiwe.

Afisa alipokuja, wazee walikuwa wamekaa barazani wakimkodolea macho. Mama mdogo alitoka, akavuta kiti, akakaa mbele yao wote. Akaeleza kila kitu mwanzo mpaka mwisho. Afisa akamuuliza, "Mama, wewe ndiye uliyefiwa. Kwa nini unasema haya?" Akajibu, "Mume wangu alisema kijana anaumwa. Nikinyamaza nitakuwa nimemfanya yeye mwongo." Mzee mmoja akanyanyuka akaondoka. Wengine walibaki wameinamisha vichwa.

Mahakama ilisema kwamba ni kweli alitenda, ila wakati ule hakuwa na akili timamu. Hakuachiwa. Amewekwa hospitalini, na atakaa huko mpaka wenye mamlaka waridhike kwamba anaweza kurudi kwa watu. Inaweza kuwa miaka mingi. Anakunywa dawa, analima bustani ya hospitali. Sasa akili imemrudi, na imerudi na kila kitu. Analia siku nyingi. Daktari anasema hilo nalo wanalitazama.

Posa ilivunjika. Walituma ujumbe kwa adabu kabisa. Binti yangu alihamia Tunduma, akakaa miezi bila kupokea simu yangu. Siku hizi anapokea. Anauliza kama nimekula, basi, anakata.

Namshukuru yule wakili aliyeona kitu ambacho mimi niliyemlea nilikifunika. Namshukuru afisa aliyekubali kurudi mara ya pili kwa mwanamke aliyemdanganya mchana kweupe. Namshukuru daktari kwa kutokuandika haraka. Namshukuru mama mdogo, ambaye hajanisamehe, na sijamwomba aharakishe. Tunasalimiana njiani.

Na ninyi mlio na mgonjwa ndani leo, mmemfungia chumba cha nyuma, mmesema amesafiri. Mko hapa, najua mko. Mpelekeni. Na mtu akija na fomu, mwambieni hata lile mnaloliona aibu, hasa hilo. Yule anayepima akili ya mtu anapima kwa macho yenu ninyi. Mkiyafumba, naye haoni.

Watu wananipongeza, wananiambia mama, umemwokoa mdogo wako. Sipendi. Mdogo wangu yuko hai kwa sababu nilisema. Baba mdogo yuko kaburini kwa sababu nilinyamaza. Ni mimi yule yule. Naombeni nikae.