Dizeli Kwenye Gari la Harusi

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo niliyasikia yote. Mbele yangu fundi cherehani alikuwa akimsimulia mama mmoja, dereva wa lori, habari za gari lake la paa la kukunja, jipya kwake tu, litakalompeleka bintiye kwenye ndoa Jumamosi.

“Paa nimelishona mwenyewe, mama. Tone halipiti.”

“Na mafuta?”

“Nimelimiminia dizeli, dumu zima. Malori yanavuta tani kwa dizeli, sembuse bibi harusi mmoja?”

“Baba wee! Hilo ni la petroli. Umeliwasha?”

“Mshono wa paa ni wa mara mbili…”

Swali halikuhusu mshono.

“Nakuuliza, umeliwasha?”

“Bado. Ufunguo uko mezani nyumbani.”

“Basi una bahati. Asiuguse mtu. Makanika alimwage tangi, alisafishe, Jumamosi mnakwenda.”

Fundi alishusha pumzi. Simu yake ikalia. Alisikiliza, kisha akaifunika kwa kiganja.

“Mkwe wangu huyu. Ameona anisaidie kulipasha moto. Uani hakuonekani kwa moshi.”

“Mwambie alizime!”

“Limezima lenyewe.” Basi likasimama. “Ila paa liko salama.”