Kocha Gaither wa Safu ya Mbele

Wasikilizaji wapendwa, kama una chungu jikoni, punguza moto kwanza. Vuta kiti. Leo tuna msiba wa nyumbani.

Kocha Ulysses Gaither amefariki. Alifariki Jumanne asubuhi, kitandani kwake, hapa hapa Pickens Ford, mkewe Verlene akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Tarver. Msaidizi, wasikilizaji. Kocha mkuu alikuwa kwa msimu mmoja tu, na habari za msimu huo tutazifikia.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya sura. Sauti ile ilitoka uwanja wa mazoezi, ikavuka reli, ikaingia mpaka kwa kinyozi. "Miguu, mwanangu. Miguu yako inasema uongo." Wanawake waliokuwa wakianika nguo upande wa pili wa mji walijua saa za mazoezi kwa kumsikia yeye.

Baba yake alikuwa mpasua mbao. Ulysses alizaliwa na mwili mkubwa, akazidi kukua. Mama yake alizoea kuwaambia majirani kwamba hakuzaa mtoto, alizaa mpangaji. Mwili ule ndio uliomleta Tarver kucheza safu ya mbele, wale vijana watano wanaosimama kama ukuta kumkinga mrushaji asiangushwe. Kazi hiyo haina makofi. Mrushaji akitupa mpira vizuri, anasifiwa mrushaji. Akiangushwa, wanalaumiwa wale watano.

Mwaka wake wa tatu goti la kushoto lilivunjika. Kocha wa enzi hizo alimfuata hospitalini, akaketi, akavua kofia.

"Gaither, kucheza basi," alimwambia. "Lakini jicho unalo. Kaa na mimi, unisaidie hawa wa mbele."

Akakaa. Ndivyo alivyoanza, wasikilizaji wapendwa. Akiwa kijana mwenye gongo la kutembelea, akiwafundisha vijana wenzake.

Curtis Beasley, ambaye leo ni mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, alipita mikononi mwake. Anakumbuka siku ya kwanza kana kwamba ni jana.

"Aliniangalia kuanzia utosini mpaka viatuni," anasema Beasley. "Akaniuliza, 'Mwanangu, hapo umesimama au umeegeshwa?' Nikamwambia, nimesimama, Kocha. Akanigusa kifuani kwa kidole kimoja. Nikaenda chini, matako mazima. Wenzangu wakafa kwa kicheko. Yeye hakucheka. Akanipa mkono, akaniinua, akasema, 'Haya. Sasa tuanze kujifunza kusimama.'"

Kila Alhamisi vijana wa safu ya mbele walikula nyumbani kwake. Bi Verlene, mpiga kinanda wa kanisa la Mlima Nebo, alikaanga kambare kwa unga wa mahindi. Alichemsha mboga za majani na nyama ya moshi. Alitoa mkate wa mahindi sinia baada ya sinia. Vijana wale walivunja viti. Kweli kabisa, walivikalia vikavunjika. Mwishowe Ulysses alitengeneza mabenchi kwa mbao za kiwandani alikofanya kazi baba yake, na shida ikaisha.

Lakini moyoni mwake palikuwa na jambo. Alitaka kuwa kocha mkuu.

Makocha wakuu walikuja Tarver na kuondoka. Mmoja akiondoka, mji mzima husema, safari hii ni Gaither. Mara tatu walisema hivyo. Mara tatu akaletwa mtu wa mbali. Binti yake, Odessa, alikuwa mdogo wakati huo.

"Mama anampigia suti pasi," anasimulia Odessa. "Baba anakwenda kwenye usaili. Akirudi anaitundika. Mama anajua majibu kwa namna alivyofunga mlango."

Na watu hawana simile. Siku moja Hosea, shemeji yake, aliyekuwa kinyozi, alimtania mbele ya wateja. "Ulysses, wewe ni mpambe wa kudumu. Kila harusi umo, bibi huna." Wateja wakacheka. Ulysses akacheka pamoja nao, akalipa, akatoka. Tangu siku ile mpaka Hosea anazikwa, Ulysses alinyolewa na mkewe.

Basi, mvumilivu hula mbivu. Alipofika miaka hamsini na sita, Chuo cha Tarver kilimpa timu. Ulysses Gaither, kocha mkuu. Jumapili ile kanisa lilisimama kumpigia makofi. Bi Verlene alivaa kofia ya zambarau pana kiasi kwamba mchungaji aliitaja mimbarini. Walimkalisha safu ya kwanza, na nyimbo zilipoanza akainuka kwenda kwenye kinanda. Alipiga kinanda siku ile, wasema waliokuwepo, kama mtu anayelipa deni kwa furaha.

Msimu ulikwenda kwa kuchechemea. Walishinda, wakashindwa, wakashinda. Ukaja mchezo wa mwisho dhidi ya Ashby, na mnaujua ugomvi wetu na Ashby. Tarver walikuwa nyuma kwa pointi chache. Mpira ulikuwa wao, karibu kabisa na mstari wa kufungia. Saa ya uwanja ilikuwa inakimbia. Kilichotakiwa ni kocha mkuu aombe muda, saa isimame, vijana wapange pigo la mwisho.

Dakika ile ile kijana mmoja wa safu ya mbele alikuwa ametolewa nje. Miguu yake ilikuwa inateleza. Ulysses alimwona. Akamwendea, akapiga goti lake bovu chini, akamshika vifundo vya miguu, akaanza kumwelekeza. Hivi, mwanangu. Uzito mbele. Hivi.

Nyuma yake msaidizi wake alikuwa anamwita. "Kocha, muda. Omba muda, Kocha."

Hakusikia. Uwanjani vijana walisimama wakimtazama, wakingoja ishara. Ishara haikuja. Saa ikaisha. Ashby wakashinda.

Mji ulisema maneno. Yaliyobaki midomoni ni haya: nyumba inaungua, Gaither anafagia uwanja. Aliyasikia kwenye kituo cha mafuta, kwa mtu ambaye hakujua kwamba Gaither yuko nyuma yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo wengi hawajui kilichotokea. Wengi hudhani alifukuzwa. Hapana. Hakufukuzwa. Mkuu wa chuo alimwita akampa msimu wa pili. Alimwambia, kila mtu ana mwaka mbaya. Ni Ulysses mwenyewe aliyekataa.

Alimwambia mkewe jikoni, akiwa bado na koti. Bi Verlene ametupa ruhusa tuyaseme yaliyosemwa.

"Sikuuona mpira, Verlene."

"Mpira gani?"

"Mpira. Mwaka mzima. Ukishatoka tu, macho yangu yanashuka kwenye miguu ya wale watano. Nalazimisha yapande, hayapandi. Timu inataka mtu wa kuona uwanja wote. Mimi si mtu huyo."

"Utajifunza."

"Nina miaka hamsini na sita."

Bi Verlene aliweka chini alichokuwa ameshika. "Gaither, nani alikuwa anakupigia suti pasi? Nani alikaa kimya kwa Hosea, ndugu yangu wa tumbo moja, nisimseme kwa sababu yako? Cheo hiki nimekingoja na mimi. Wewe ulikuwa na vijana wako. Mimi nilikuwa na kungoja tu."

Ulysses alivua koti, akalitundika. Ukweli alikuwa nao mkewe. Lakini na yeye alikuwa na wake.

Asubuhi alikwenda chuoni akaacha timu. Halafu akaomba jambo lililomshangaza hata mkuu wa chuo. Aliomba kazi yake ya zamani. Usaidizi. Safu ya mbele.

Timu alipewa Kendrick Sills, mtu wa miaka thelathini na nne. Sills huyu alikuwa amefundishwa kusimama na Ulysses mwenyewe. Siku ya kwanza ya mazoezi hakujua amwiteje Ulysses, na Sills mwenyewe ndiye anayesimulia.

"Nilisema, 'Kocha Gaither, bwana, kama haitakuwa taabu...' Akanikata. Akaniambia, 'Kendrick, ukiniomba, vijana watakuona unaomba. Nitume.' Nikasema sawa, Kocha, peleka watu wako kule. Akasema, 'Ndiyo, Kocha.' Akaenda. Mimi nikageuka nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, maana machozi yalikuwa yananitoka."

Nyumbani hakukuwa na amani. Bi Verlene alizungumza na mumewe kwa mambo ya lazima tu: chumvi, mvua, bili. Ikafika Alhamisi ya kwanza ya msimu. Vijana wakaja, wakakaa mabenchini. Jiko lilikuwa baridi. Bi Verlene alikuwa chumbani, mlango umefungwa.

Ulysses akavaa aproni. Akatia mafuta, akatia samaki, akakosea moto. Moshi ukatanda. Vijana wakakohoa kwa adabu. Mmoja aliuma kipande, akatafuna muda mrefu sana, akasema, "Kitamu, Kocha." Kocha akamtazama. "Mwanangu," akasema, "hata mdomo wako sasa unasema uongo."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Bi Verlene akaja moja kwa moja jikoni, akamnyang'anya mumewe kijiko cha kukaangia.

"Toka hapo. Utaua watoto wa watu."

Akaanza upya, samaki wapya, mafuta mapya. Ulysses alisimama pembeni ameshika taulo, akimkabidhi anachohitaji kabla hajakiomba.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa mitamu kupita yote, wasikilizaji. Tarver ya Sills na Gaither. Mrushaji wao alisimama nyuma ya ukuta ule kama mtu anayengoja basi, hana haraka. Walichukua ubingwa wa jimbo, na uwanjani kwa Ashby kwenyewe. Watu waliruka uzio, walibebana, walilia. Ulysses alikwenda kwa vijana wake watano, akawashika mmoja mmoja shingoni kwa nyuma, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake wakirudi zizini. Alistaafu akiwa msaidizi. Amekufa akiwa msaidizi, na hivyo ndivyo alivyotaka iandikwe.

Juzi tulikaa na Bi Verlene sebuleni kwake. Tulimuuliza kama alimsamehe habari ya kile cheo.

"Nilimsamehe siku ile ya samaki," alisema. "Ila sikumwambia. Nilidhani amejua. Mtu ukikaa naye miaka yote hiyo unadhani anajua. Jumatatu, mwishoni, aliniuliza, 'Verlene, ile kofia ya zambarau bado unayo?' Nikasema ninayo. Akasema, 'Samahani.' Masikio yake yalikuwa yameshaanza kuziba. Nikamjibu, nikamjibu tena. Sijui kama alisikia."

Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo la kulala nalo leo. Kama una neno jema la mtu wako, mpe angali anakusikia. Usimwachie ajue mwenyewe.

Kwako Bi Verlene, kwako Odessa na wajukuu, kwa Kocha Sills na Chuo cha Tarver: poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mji huu unalia pamoja nanyi.

Ibada ni Jumamosi, saa tano asubuhi, kanisa la Mlima Nebo. Familia ina ombi moja kwa wote mliocheza safu ya mbele chini yake, wa miaka yoyote. Njooni mapema. Nyinyi ndio mtakaombeba. Mchungaji anawakumbusha kwamba ngazi za kanisa ni nyembamba na nyinyi ni wapana, kwa hiyo mtapokezana, na kila mmoja atapata zamu yake.