Maneno Kumi Kila Siku

Kwenye treni ya asubuhi, muuguzi aliyekaa mbele yangu alikuwa akikariri maneno ya Kiingereza kutoka kwenye daftari. Mama mshonaji aliyeketi kando yake akamuuliza anasomea nini.

“Mtihani wa Kiingereza, mama. Maneno kumi kila siku. Nikifaulu nakwenda kufanya kazi ng'ambo.”

“Marehemu mume wangu alibandika vikaratasi vya maneno hayo jikoni kote. Nikipika, ananiuliza maana zake. Akafeli mara mbili, nami nikashukuru kimoyomoyo. Angefaulu, angeniacha.”

Nikajifanya nasoma gazeti.

“Ulimwambia?” muuguzi akauliza.

“Sikuwahi. Vikaratasi bado sijavibandua.”

Muuguzi akafunga daftari. “Mume wangu hunisikiliza nikisoma, kisha huzima taa.”

“Muulize anaombea nini, ufaulu au ufeli.”

“Naogopa jibu, mama.”

Treni ikasimama, muuguzi akashuka. Mama akageukia dirishani, akitamka polepole maneno ambayo hayakuwa ya Kiswahili.