Fundi Felista Aliyehama na Kivuli

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio shambani, mlio kijiweni mnangoja wateja, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Felista Hhando. Fundi cherehani wa Karatu mjini, mzaliwa wa Endamarariek. Felista alizaliwa na ualbino. Amefariki kwa saratani ya ngozi akiwa na miaka thelathini na tisa.

Thelathini na tisa, wasikilizaji. Lakini aliyekutana naye njiani alimdhania bibi. Jua lilikuwa limemkunja uso, limemjaza madoa mikononi, limempasua midomo. Wazee wa rika la baba yake walimwamkia shikamoo. Siku moja hospitalini alitolewa kwenye foleni akaelekezwa dirisha la wazee. "Mpisheni bibi," watu wakaambiana. Felista akarudi palepale alipokuwa.

"Bibi wa nani? Hata kuolewa sijaolewa, ninyi mmeshanipa wajukuu!"

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

Alikulia shambani. Mama yake, Mama Cresensia, analima maharage na mbaazi, na watoto wake wote walikwenda kupalilia. Felista naye alikwenda.

"Majirani walisema nimfiche ndani," anasimulia Mama Cresensia. "Nikakataa. Nikasema mwanangu ana mikono, ana miguu, atalima kama wenzake. Nilikuwa napigana na watu. Jua sikulifikiria."

Jioni mtoto alirudi na malengelenge shingoni. Mama akampaka samli. Asubuhi, jembe.

Alikuwa mtu mzima tayari, fundi anayejitegemea, muuguzi mmoja alipomweleza kwamba jua ndilo linaloila ngozi yake. Tangu hapo Felista alianza vita. Alijishonea magauni ya mikono mirefu na kofia za ukingo mpana. Cherehani yake aliihamisha na kivuli: asubuhi upande huu wa baraza, mchana upande ule. Mwenye duka akalalamika.

"Fundi, wateja watakupataje?"

"Waambie wafuate kivuli."

Watu hawakumwelewa, wasikilizaji. Walimuuliza kama ameingia utawa. Alikwenda duka la vipodozi kutafuta losheni ya kuzuia jua, muuzaji akamletea krimu ya kung'arisha. Felista akaitazama, akamtazama muuzaji. "Dada, ning'ae wapi tena?"

Na mnaijua Karatu yetu mwezi wa saba. Ukungu, baridi, kila mtu na koti. "Leo jua liko wapi, fundi? Vua hilo likofia!" Alijibu mpaka akachoka: mawingu hayazuii jua kuchoma ngozi. Baridi haizuii jua kuchoma ngozi. Wakaitikia, "Sawa fundi." Kesho yake wakauliza tena.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka juzi yalifanyika maadhimisho ya watu wenye ualbino. Somo la siku lilikuwa kujikinga na jua. Wenye siku yao wakagawiwa fulana za mikono mifupi, wakapangwa mistari katikati ya uwanja, juani. Turubai lilikuwepo. Lilikuwa la viongozi. Na mgeni rasmi alikuwa amechelewa.

Naipanoi, rafiki yake Felista kutoka Ngorongoro, naye ana ualbino. Alikuwa kwenye mstari huo. "Shingo yangu ilikuwa inawaka," anasema. "Nikamwambia, Felista, tuvumilie kidogo, wakubwa wako njiani. Akaniambia, 'Naipanoi, mimi kuvumilia nimemaliza.' Akaondoka."

Alikwenda moja kwa moja chini ya turubai, akakaa kwenye kochi la mbele. Mshereheshaji akamfuata mbio.

"Mama, samahani, viti hivyo ni vya wageni."

"Siku hii ni ya nani?"

"Ni... ni yenu."

"Basi wenyewe tumefika."

Naipanoi akafuata. Kisha mstari wote ukafuata. Mgeni rasmi alipofika alikuta kochi lake lina mtu. Alicheka, akasifu ujasiri, akaahidi losheni kwenye kila zahanati. Akapigiwa makofi.

Mwaka uliofuata? Uwanja uleule. Mistari ileile, juani vilevile. Losheni tunaisikia kwenye hotuba.

Felista hakuwepo mwaka huo. Nyuma ya sikio lake kilikuwa kimetoka kidonda, kidogo kama punje ya mtama. Alikijua. Alikwenda zahanati mara ya kwanza kilipotokea. Akaambiwa asubiri gari la kliniki ya ngozi, lina wataalamu, litapita. Masika ikaharibu barabara, gari halikuja. Barabara ikatengenezwa, gari likawa bovu. Kila akienda anaambiwa avute subira. Kidonda hakikuvuta subira, wasikilizaji. Kilishuka mpaka shingoni.

Kaka yake, Fabian, ndiye aliyempeleka hospitali, Moshi. "Daktari alifungua kitambaa kilichofunika kidonda," anasema Fabian. "Akaniuliza, mlikuwa wapi siku zote? Nikamwambia, tulikuwa tunasubiri gari."

Walimfanyia upasuaji, lakini ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Akarudi Endamarariek kwa mama yake. Siku zake za mwisho alisikia baridi sana, akaomba atolewe nje aote jua. Mama Cresensia alimfunga blanketi, akamvika kofia, akamketisha ukutani. Kisha akasimama mbele yake, kumkinga na jua kwa mwili wake.

"Akaniambia, 'Aayo, sogea,'" anasimulia mama. Aayo ni mama, kwa Kiiraqw. "'Aayo, sogea nipate joto. Lenyewe limeshamaliza kazi yake.' Nikasogea. Ningefanya nini?"

Felista Hhando, fundi wa Karatu, amezikwa nyumbani Endamarariek. Mama Cresensia, Fabian, Naipanoi na ukoo wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu na amlaze Felista pema.

Nasi tuliobaki, tusiishie kusema ni kazi ya Mungu. Kidonda cha punje ya mtama kinatibika. Kofia inashoneka. Kama nyumbani kwako au darasani kwako kuna mtoto mwenye ualbino, jiulize kesho saa sita mchana atakuwa amesimama wapi, na nani amemsimamisha hapo. Jiulize usiku huu, mpendwa msikilizaji. Kesho jua litachomoza kama kawaida.