Kila Faili kwa Mama Yake: Kumuaga Madam Hulda Buya

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu: namwonea Elvis wivu. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa Madam Hulda Buya kwa sababu katika klabu nzima ya kompyuta mimi ndiye nisiyezungumza, na watu huamini asiyezungumza anaandika vizuri. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba kila sentensi ninayoanza kumhusu Madam inaishia kwa Elvis, basi nimeona afadhali nimtaje mapema.

Madam Hulda anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha masomo hapa Garsen. Aliajiriwa kupiga chapa, wakati kituo kilipokuwa na taipureta mbili na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyeruhusiwa kuiwasha meneja asipokuwepo, na meneja alikuwa akishinda Hola wiki nzima. Madam akawa anaiwasha. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa elimu yake ya kompyuta. Wafanyakazi wa zamani wanasimulia kwamba mafuriko yalipoingia ofisini aliibeba seva, ile kompyuta kuu inayohifadhi masomo yote, kichwani kama gunia la mpunga, akavuka nayo maji ya kiunoni, na alipofika pakavu akauliza jambo moja tu: nani amebeba waya wake?

Kazi iliyomfanya ajulikane hadi Ozi ni Kivuko. Hii ni maktaba, lakini si ya vitabu. Ni mkusanyiko wa kodi, yaani maagizo ya kompyuta, ambazo programu nyingine huziazima badala ya kuandikiwa zake upya, na Kivuko kina shughuli moja: kupakua mafaili ya masomo kutoka seva yetu na kuyafikisha kwenye kompyuta za shule. Madam alikianza peke yake, kisha akatugawia wanaklabu. Elvis alipewa sehemu yenyewe ya kupakua, yaani injini. Mimi nilipewa kuandika ujumbe wa makosa kwa Kiswahili, kwa kuwa ule wa Kiingereza ulikuwa unawatisha walimu. Nikatabasamu, nikasema asante Madam. Nyumbani sikula.

Halafu Madam humwita "Elvis wangu." Mimi ni Ladan tu.

Muhula uliopita Kivuko kikaanza kuugua, tena si kila siku. Somo la hesabu linafika Wenje salama asubuhi, mchana linafika Ozi halifunguki, na kesho yake ukijaribu tena linafunguka kama halikuwa na neno. Mwalimu Kotile wa Ozi alikuwa akipiga simu, naye Madam anamweka kwenye spika tusikie wote.

"Madam, yamefika yote arobaini, nimeyahesabu. Lakini hili la saba ni kama maiti. Lipo, haliamki."

Elvis akaongeza muda wa kusubiri. Pakatulia. Akaongeza idadi ya majaribio. Pakatulia tena. Kila mara alisema, "Hiyo imekwisha, Madam," na kila mara Kotile alipiga. Nami, simu ikilia, moyo wangu ulikuwa unafurahi.

Madam hakumkemea. Namna yake ya kazi ni kutoigusa kodi mpaka kitu kibovu chenyewe kiletwe mezani. Alimwomba Kotile asilifute lile faili, alitie kwenye flashi na kumpa Shee, anayeleta samaki Garsen kwa pikipiki. Flashi ilifika ikinuka kambare. Madam akalifungua faili kama maandishi matupu, tukasoma pamoja. Halikuwa somo la hesabu hata kidogo. Lilikuwa ukurasa wa mtandao wa shule: "Muda wako umeisha. Tafadhali ingia tena." Mtandao ule ukichoka hudai nywila upya, na badala ya somo hutuma ukurasa huo. Kivuko kiliupokea, kikaupa jina la somo, kikatangaza kwamba yote yamefika. Kule kutulia kulikuwa bahati tu.

"Lakini arobaini yametoka, arobaini yamefika," Elvis akasema. Kwao Idsowe, magunia yakihesabiwa ng'ambo zote mbili na hesabu ikalingana, mzigo umefika, hakuna la zaidi.

Madam akasema na kwao Wenje ni vivyo hivyo. Kisha akanigeukia. "Na kwenu, Ladan? Ng'ombe wakirudi jioni, mnajuaje kwamba wote ni wenu?"

Nilimjibu nikiitazama kibodi. "Kwetu mifugo haihesabiwi, Madam. Ni mkosi. Babu Abdikarim huwaachia ndama tu. Kila ndama anakwenda kwa mama yake. Asiye wake anapigwa teke."

Elvis akacheka. "Kwa hiyo na faili nalo lina mama?"

"Linaye. Yuko kwenye seva," Madam akasema. "Elvis wangu, acha kucheka, andika."

Sasa seva huchora alama kutokana na yaliyomo ndani ya kila faili. Faili likifika shuleni huwekwa kando kwanza, Kivuko kinaichora alama hiyo upya, na zisipofanana faili linapigwa teke na kuombwa tena. Tangu hapo Kotile hupiga kusalimia tu. Lakini aliyeandika ni Elvis, kwa kuwa injini ni yake, na katika kumbukumbu za mabadiliko limeingia jina lake. Ndama wangu, boma lake.

Mimi niliandika ujumbe mmoja: "Faili hili si letu. Naliomba tena." Madam alipousoma alicheka hadi miwani ikamshuka, na hakubadilisha hata nukta. Kotile anasema Ozi wanautumia hata kwa kuku wa jirani.

Ijumaa, hotuba zikiisha, Madam atamtaja mlinzi wa Kivuko: atakayekubali au kukataa kila badiliko, atakayepigiwa simu na Kotile. Wote wanasema ni Elvis. Shati ameshalipiga pasi. Mimi wivu wangu umefika hadi Wenje, naonea wivu hata mpunga wa shamba la Madam kwao, ambao kuanzia Jumamosi utamwona kila asubuhi bila kunyoosha mkono darasani.

Madam, kwa niaba ya klabu na wafanyakazi wote, asante. Mpunga ukukubali, ndege wawe wavivu, na siku zako zikuendee kwa wema.

Kila karatasi inayochapishwa humu Madam huisoma kwanza, hata hii inayomhusu. Nilikusudia kumpa nakala nyingine, safi, isiyo na Elvis. Sasa nazisikia ndara zake verandani, ile ya kushoto ikiburuta. Kwa kawaida mimi hufunika ukurasa kwa daftari. Leo daftari liko chini ya kiwiko changu, na litabaki hapo. Madam, kabla hujamtaja mtu, niulize na mimi, kama ulivyoniuliza siku ile. Safari hii nitakujibu nikikutazama: Kivuko nakitaka.