Dada Mistari na Picha Alizozifunika

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa nasi tangu Jumatano, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye nyumbani, kazini na mtaani alijulikana kwa jina moja tu, Mistari.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za watumishi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa akipaka namba kwenye mabehewa, na mama yetu, mshonaji. Jina la Mistari alilipata akiwa na miaka sita, alipochukua chaki ya mama ya kupimia nguo na kuchora ukuta mzima wa jirani, jirani akaja juu, baba akaenda kujionea, akarudi akisema, "Ukuta kauharibu kweli, lakini mistari imenyooka."

Alisoma shule ya msingi ya pale relini, kisha sekondari ya wasichana alikomaliza mwaka 1979, na alitamani sana kwenda chuo cha sanaa, ila baba, pamoja na ule utani wake, alikataa katakata, akamwambia atafute kazi ya kukaa kwenye kiti, hivyo akasomea uhazili, na Februari 1982 akaajiriwa kupiga chapa kwenye kiwanda cha uchapaji. Mchoraji wa kiwanda alipoacha kazi ghafla, dada aliomba kukalia meza yake mpaka apatikane mwingine, na huyo mwingine hakutafutwa tena, kwa hiyo pakiti za sabuni, kalenda na vibandiko vya dawa ya kikohozi mlivyovizoea, vingi vilipita mikononi mwake.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi mitambo wa kiwanda hicho hicho, na wakajaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye sasa ni dereva wa malori, na wa kike ambaye ni mwalimu, nao wakawaletea wajukuu.

Jumamosi ya tarehe 18 Juni 1994 kiwanda kilimtuma kupeleka kadi za mwaliko kwenye ukumbi wa maonyesho, naye akakuta humo kazi ya msanii mmoja mwanamke, nyuzi za rangi zilizoanzia mlangoni, zikatambaa ukutani na sakafuni, kila rangi ikimpeleka mtu kona yake bila neno hata moja kuandikwa. Dada alizifuata moja baada ya nyingine hadi mlinzi akamwambia, "Mama, tunafunga," naye akajibu, "Nivumilie kidogo, baba, huu mwekundu sijaufikisha mwisho."

Mwaka uliofuata hospitali ya wilaya iliagiza kiwandani vibao vya kuonyesha njia, dada akaenda kukaa kwenye benchi la mapokezi, akaona jinsi wasiojua kusoma walivyohangaika kuuliza njia, ndipo akapendekeza mistari ipakwe sakafuni, bluu kwa wajawazito, njano kwa watoto, nyekundu kwa majeruhi. Mganga mkuu alicheka, akasema, "Hapa ni hospitali, siyo chekechea," lakini akakubali ijaribiwe upande mmoja, na leo hii mistari hiyo imeenea jengo zima.

Kuanzia hapo akaanza kutengeneza picha zake mwenyewe, akibandika mabaki ya karatasi za kiwandani juu ya mbao, kwenye meza ya chakula, nasi tukazoea kula mkekani. Mwaka 2003 msimamizi wa ule ukumbi alikuja nyumbani, akazitazama kwa muda mrefu, akampa nafasi ya kuzionyesha mwezi Julai, dada akamwomba mwaka mmoja, akisema, "Bado hazijaiva." Mwaka ukapita akaomba mwingine, maana kila alichomaliza alikipima kwa zile nyuzi alizoziona, akakiona si kitu, na picha tuliyoisifu wiki hii, wiki ijayo tuliikuta imebandikwa nyingine juu yake. Shemeji alimsihi, "Wapelekee hata tano tu, mke wangu," lakini kile kilichomwamsha ndicho kilichokuja kumfunga mikono, na hilo ndilo linalotuuma. Mwaka 2011 ukumbi uliuzwa, ukawa duka la samani, na siku alipopita pale na mwanawe alisema tu, "Nilidhani watanisubiri."

Mwezi Mei 2019 dada alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Akiwa kitandani alimwambia binti yake, "Toa hiyo ya juu, niione ya chini," binti akajitahidi kwa maji ya moto na kisu cha mkate, lakini gundi ilikuwa imeshika, zikachanika zote mbili, kikabaki kipande kama kiganja, samawati na kijivu, dada akakishika kwa mkono wa kushoto, akakitazama, akasema, "Mbona hii ilikuwa inatosha." Hakuomba ifunuliwe nyingine. Hali yake ilizidi kudhoofika mwezi Julai mwaka huu, na alfajiri ya Jumatano, tarehe 2 Agosti 2023, alituacha, shemeji akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani mliotuletea maji, viti na chakula, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani, mliokuja mkiwa bado na wino vidoleni. Mmeona picha kumi na moja sebuleni, tulizitundika jana, ndizo zilizobaki, na tunasikitika kwamba watu wa kwanza kuja kuzitazama kwa wingi hivi ni ninyi, na mmekuja kwa ajili ya msiba.

Dada yetu, mama, mke na bibi, tulia sasa, upumzike kwa amani.