Kompyuta Haimjui Mume Wangu

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, fundi cherehani mwenye pini tatu kifuani aliikunja na kuikunjua fomu ya hospitali huku akimlalamikia mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekaa naye. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

Vali ya moyo wa mumewe inavuja. Madaktari wanafanya utafiti: nusu ya wagonjwa wanabanwa vali kwa kibanio kidogo, nusu wanabaki na vidonge. Anayepata hiki au kile huchaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu, nayo ikampa mumewe vidonge.

“Jirani yake wodini kabanwa, sasa anapanda ngazi huku anapiga mluzi. Hiyo kompyuta inamjua mume wangu?”

“Haimjui mtu, mama, ndiyo maana wakaipa kazi. Daktari angechagua kwa huruma, tusingejua kipi kinatibu.”

“Mimi nikibana gauni, siachi la pili wazi ili nijue pini inafanya kazi.”

Mwalimu akaiinamia fomu, akapitisha kidole kwenye mistari.

“Lakini fomu inamruhusu kujitoa siku yoyote,” akasema, “bila kuulizwa sababu.”

“Na moyo wake? Nao unaweza kujitoa siku yoyote, bila kuulizwa.”

Basi likasimama kwenye geti la hospitali. Yule mama alikuwa keshasimama tangu kituo kilichopita.